Koti la Sifuri

Mwanangu Asajile,

Koti hutalipata. Nimeanza na hilo ili uache kulitazama pale linaponing'inia, kama mbwa anayetazama mfupa wa mwenye nyumba. Jana uliponiomba nilicheka, nikakwambia mabega yako bado membamba. Ulikuwa uongo. Mabega yako yameshayapita yangu, na koti lile lingekukaa vizuri kuliko linavyonikaa mimi, ambaye tumbo limeshavishinda vifungo viwili. Sababu ni nyingine. Kinywa changu hiki, kinachojulikana toka Songwe mpaka Matema kwa kutojua kunyamaza, kimeshindwa kuisema, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Usinicheke mwandiko. Shule ya misheni nilikaa misimu miwili tu ya mvua, nikamtoroka mwalimu, nikafuata msafara wa pembe mpaka pwani. Wenzangu walijifunza kusoma habari za bahari. Mimi nimeinywa, na nakwambia ni chumvi tupu. Nimeona meli inayotoa moshi. Nimelala kwenye nyumba ya mawe yenye nyumba nyingine juu yake. Hapa Kyela yote, nani mwingine wa rika langu aliyeona hayo? Hakuna. Ila herufi zangu zimebaki zile za misimu miwili, zinatembea kama bata.

Habari za blanketi, chumvi na kutolala na nguo mbichi mama yako ameshakwambia mara tatu, na ya nne atakwambia mlangoni. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukwambia habari ya kuhesabu watu.

Maana hiyo ndiyo kazi unayoiendea. Vita hivi vya Wazungu vimewatoa watu Kasumulu na Ngana, nyumba zao zimechomwa, wamepanda kule juu na watoto wao na kuku waliofungwa miguu, na wamisheni wamewajengea mabanda. Kila Jumamosi wewe utaandika karatasi: wangapi wamelala chini ya paa, wangapi hawana paa, nani amekufa, nini kimepungua. Karatasi itapanda bomani. Itakavyosema ndivyo watu watakavyopata miti, nyasi, mikeka na unga, au watakavyokosa. Nimekuona unavyofurahi. Toka juzi unaichonga ile kalamu ya risasi mpaka imebaki fupi kama jino la mtoto. Na mimi nilifurahi hivyo hivyo.

Habari ya koti unaijua, au unadhani unaijua. Umenisikia nikiisimulia kwenye pombe na baada ya ibada: mafuriko, mtumbwi, mimi katikati ya maji nikiokoa watu, mpaka boma likanivika koti la vifungo vya shaba. Kila nikisimulia mamba wanaongezeka. Mara ya mwisho walikuwa saba. Mwanangu, hakukuwa na mamba hata mmoja. Hata mtumbwi sikupanda. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pakavu, naandika.

Wewe ulikuwa bado unatambaa. Mwaka ule mito ya bondeni ilijaa yote kwa pamoja, ziwa nalo likakataa kuyapokea maji. Kule Talatala nyumba za mianzi, zile ambazo akina mama wanazipaka udongo kwa vidole mpaka zinapendeza kama vikapu, zilielea kama vikapu kweli. Watu walikimbilia kwenye kilima kimoja kidogo, na boma likawajengea banda moja refu, paa moja, mlango mmoja. Akatakiwa mtu wa kuandika waliopo. Wanaojua kuandika walikuwa wachache, na anayejua kuandika na kupiga kelele alikuwa mmoja.

Nilifika na karatasi yangu nikawakuta wamekaa ovyo, huyu amelala, yule anaota moto, mwingine anakamua nguo. Nikasema, hivi haviandikiki. Nikaamuru msitari mmoja, mrefu, mbele ya banda. Kila mzee asimame na watu wake wamfuate nyuma. Nilikuwa nimeona pwani watu wa forodha wanavyohesabu, nikaona na mimi leo ni forodha. Msitari ukanyooka! Ningekuonyesha ungeupenda.

Nikaanza kupita, nagusa kila kichwa kwa unyasi. Nilipomfikia mzee Mwangoka, mzee mwenye watoto wa kiume wanne waliooa wote, nikaona nyuma yake wanaume tu na mke wake mmoja.

Akaninong'oneza, "Karani, wake za wanangu hawawezi kupita hapa. Nimesimama mimi."

"Wako wapi, tata?" nikamuuliza, kama mtoto anavyomwita baba yake.

"Kule." Hakunyoosha kidole wala hakugeuka. Aliinua kidevu kidogo tu, upande wa matete ng'ambo ya kijito.

Mimi si mgeni, Asajile. Najua mkwe wa kike hamtazami baba wa mume wake, wala hapiti alipo, wala halali chini ya paa lake. Mama yako huyu huyu, siku marehemu baba yangu alipochomoza ghafla njiani, alijirusha kwenye tope na mtungi wa maji kichwani, akakaa humo kifudifudi mpaka mzee akapita. Siku zote heshima hii tunaiweza kwa sababu vijana wana kijiji chao na wazee wana chao, na njia ni nyingi. Maji yalikuwa yamewatupa wote kwenye kilima kimoja na mlango mmoja. Wazee wakaingia bandani. Wakwe wakabaki nje. Kila mzee pale alikuwa na wakwe zake kwenye yale matete, na watoto wadogo wako nao.

Mzungu angekosea kwa kutojua. Mimi nilijua. Lakini msitari ulikuwa umenyooka, na bwana wa boma alikuwa anafika mchana. Kuwahesabu wale kungenilazimu kuvua viatu, viatu nilivyotoka navyo pwani, nivuke kijito kwenye tope. Halafu nije kuandika nini? Safu ya "wasio na mahali" ingejaa, na karatasi yangu ya kwanza ionekane chafu.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikatania. Nikamjibu mzee Mwangoka kwa sauti, msitari wote usikie: "Haya, waliofichwa na aibu, aibu iwajengee!"

Watu walicheka. Linaloniuma ni kwamba lilikuwa neno zuri. Nikilisikia leo kwa mtu mwingine huenda nikacheka. Hata mzee Mwangoka alicheka kidogo, kwa adabu, maana yeye alikuwa na njaa na mimi nilikuwa na karatasi.

Bwana alipofika, mtu wa ndevu nyekundu anayezungumza Kiswahili kama anatafuna kokoto, alisoma, akaniuliza, "Hakuna aliyebaki nje?" Mtu huyo aliuliza, mwanangu. Sitamsingizia. Nyuma yake wapagazi walikuwa wametua miti na nyasi za kutosha banda la pili.

Nikasema, "Hakuna, bwana."

Kwenye safu ya wasio na mahali nilikuwa nimechora sifuri. Niliichora kwa utulivu, mviringo kamili, kama mdomo wa chungu cha Wakisi. Akaitazama, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na wapagazi wakabeba miti yao wakaipeleka kwenye kilima kingine.

Jioni narudi, napita kando ya kijito. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye matete. Sikumwona. Niliona majani tu na moshi mdogo wa moto unaokataa kuwaka.

"Karani!"

"Naam, mama."

"Umetuandika?"

Mwanangu, nimesema uongo mwingi maishani mwangu, na mwingi umechekesha watu. Ule uliniponyoka bila hata kuufikiri.

"Nimewaandika, mama."

"Ndaga fijo," akasema. Asante sana. Akawaambia wenzake, nikamsikia, "Tumeandikwa. Tungojeni, wanaleta nyasi."

Wakangoja. Ndivyo nilivyowafunga pale. Nisingesema lolote, wangejua hawana mtu, wangetafuta njia yao, wangepanda kwa ndugu zao. Lakini mtu aliyeandikwa hatoki, asije akakosekana zamu yake ikifika.

Mvua ilirudi siku ya pili, ikanyesha siku tatu. Siku ya nne kijito kilikuwa hakitofautishiki na ziwa. Wengi walitoka, wamepanda juu ya miti, wamebeba watoto mabegani. Wawili hawakutoka, na kitoto kichanga cha mmoja wao. Mmoja alikuwa mke wa mtoto wa tatu wa mzee Mwangoka. Sijui kama ndiye aliyeniita. Sikuwahi kuona uso wa aliyeniita, na sikuthubutu kuuliza sauti ya marehemu ilikuwaje.

Walipomleta huyo mkwe wake, mzee alikuja mpaka ukingoni. Akamgeuzia mgongo. Heshima haikuisha kwa sababu mtoto wa watu amekufa. Alisimama hivyo, uso kwenye migomba, mgongo kwa maiti, akilia mpaka mgongo wote ukawa unatikisika. Mimi nilikuwa mbele yake, upande wa uso.

Akaniona. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Karani, huyu yumo kwenye karatasi?"

"Hayumo, tata."

"Ahaa," akasema. "Basi bomani hajafa."

Sasa nisikilize, maana bado sijafika kwenye ubaya wenyewe. Jumamosi ilifika, karatasi ya pili. Ilikuwepo safu ya waliokufa. Ningeandika wawili na mtoto, bwana angeuliza: wametoka wapi, mbona wiki iliyopita watu wote walikuwa chini ya paa? Nilikaa na ile kalamu mpaka wino ukakauka, nikaichovya tena, ukakauka tena. Mwishoni nikaandika hesabu ile ile ya kwanza, kichwa kwa kichwa. Wasio na mahali, sifuri. Waliokufa, sifuri. Kosa la kwanza lilikuwa la mtu mvivu anayependa kuchekesha. La pili nililifanya nimekaa, nina akili zangu zote, nimeshiba.

Maji yalipokauka, kwenye vilima vingine kulikuwa na vifo na malalamiko. Kilima changu kilikuwa safi. Ndipo nikapewa koti, kwa kazi safi. Jumapili yake nikalivaa kanisani. Mzee Mwangoka alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikitazama kifungo kimoja kimoja, toka shingoni mpaka chini, akasema, "Limekukaa, karani."

Hakusema zaidi mpaka alipokufa, na mimi sikumwomba msamaha mpaka alipokufa. Miaka yote ile tulikuwa tunapitana sokoni. Mimi niliyepatana bei na Waarabu nilishindwa kumwambia mzee mmoja, nisamehe. Badala yake nikaanza kusimulia habari za mamba.

Mama yako anajua. Hukuwahi kujiuliza kwa nini nguo zote za nyumba hii anafua yeye, na koti nafua mimi mwenyewe?

Ndiyo maana silitoi. Ukilivaa kule kwenye mabanda utakuwa unaona vifungo, na watu wataona vifungo, na atakayetaka kukwambia neno dogo atalimeza. Kisha koti ni langu. Acha linibane mimi.

Nisikufundishe sana, nimeona nyuso za watu wanaofundishwa. Nakwambia tu ningefanya nini mimi kama mtu angenirudisha kwenye kigoda kile. Nisingepanga msitari. Ningesubiri saa ya kupika, nikahesabu moshi, maana mtu hufichwa lakini moto wa mpishi haufichiki. Ningekwenda nyuma ya mabanda kabla ya mbele. Na nikifika kwenye safu nikataka kuandika sifuri, ningeweka kalamu chini, nivue viatu, nizunguke mara moja zaidi. Sifuri ni nyepesi kuichora kuliko zote, haina hata kona. Na pale ambapo kweli sijui, ningeandika sijui. Bwana atakunja uso. Mwache akunje, uso wake utanyooka mwenyewe.

Kuna jambo moja sina jibu lake, nikikupa jibu nitakuwa narudia mamba. Wanaume kule watakukimbia. Vita hivi vinataka wapagazi, na askari wakija huuliza karatasi iko wapi. Mtu akiandikwa jina lake kwa ajili ya unga, huenda jina hilo hilo likabebeshwa mzigo wa risasi mpaka likafia njiani. Nimebeba mizigo mimi, najua njia zile zina mifupa ya nani. Asipoandikwa, anakosa paa. Akiandikwa, huenda akakosa roho. Labda utaandika idadi bila majina. Labda utakataliwa. Sijui, mwanangu. Ila mtu akikwambia "usiniandike," usimtanie. Kaa chini, muulize kwa nini.

Sasa nakuja kwa mke wako. Jina lake siliandiki, mkono wenyewe unakataa. Mwaka mzima toka umemwoa, ninachokijua kwake ni kisigino kimoja, nilichokiona kikiingia kwenye migomba siku niliyosahau kukohoa. Kisigino chema, kinakimbia vizuri. Nasikia umetaka kumwacha hapa kwa mama yako, uende peke yako kama bwana karani. Nenda naye. Kule kuna wakwe wa kike wamejikunyata nyuma ya mabanda, wamefunika vichwa, na wewe ukiwatokea wataingia ndani zaidi, maana huwajui ni wakwe wa nani na baba wa nani amesimama wapi. Yeye atawafikia. Atakaa nao, watamwambia wako wangapi, nani ana homa, nani amejifungua kwenye majani. Atakuja kukwambia, na wewe utaandika. Karani hasa atakuwa yeye, wewe utakuwa mkono tu. Nikisema hivi kilabuni watanicheka mpaka wafe, lakini hapa niko na wewe.

Na mwambie, kwa maneno yako, si yangu, kwamba baba wa mume wake anamheshimu. Heshima yetu haikuua mtu, Asajile. Tuliishi nayo toka mababu. Aliyeua ni yule aliyeijua akaigeuza mzaha.

Karatasi inaisha, na hii ndiyo ya mwisho, nyingine mama yako amefungia chumvi yako.

Kesho usije kuniaga. Tumeshaagana hapa. Nitakuwa ndani, mlango nimefunga, ili mke wako apite uani amesimama wima na mzigo wake kichwani, asilazimike kujitupa kwenye majani asubuhi ya safari. Nitakohoa mara moja ajue nilipo. Kisha nitasikiliza miguu inavyopita, na kwenye kipande hiki kilichobaki nitaandika vizuri, bila koti: waliotoka nyumbani kwangu, wawili.

Nimemsomea mama yako msitari huo. Yuko hapa anamenya ndizi za kupikia mbalaga mtakayokula njiani, hata kichwa hakuinua.

"Watatu," amesema. "Ulimuuliza nani?"

Nimefuta. Nimeandika watatu, pamoja na huyo aliye bado tumboni.

Baba yako